Zawadi ya kumwona mtoto: kinachotumika na kinachobaki kabatini

Fungua kabati la nyumba yenye mtoto wa miezi mitatu, iwe Dar es Salaam au Mombasa, na mara nyingi utakuta hali ileile. Kuna fungu la nguo ndogo zenye lebo zake bado, kofia za sufu ambazo joto halikuruhusu zivaliwe, na viatu laini vya mtoto ambaye hata kukaa hajaanza. Nje kwenye kamba, kanga zilezile chache zinafuliwa kila siku kwa sababu hakuna aliyeleta nyingine.

Waliozileta zile nguo hawakukosa upendo. Walinunulia siku ya kumwona mtoto, wakachagua kitu kinachopendeza kikifunguliwa mbele ya watu. Malezi yamenifundisha kuchagua zawadi kwa kalenda: mzazi huyu yuko wapi leo kati ya mwezi wa nane wa mimba na mwezi wa sita wa mtoto, na ni kitu gani kinaisha nyumbani kwake wiki hii? Ukijibu maswali hayo mawili, fedha ndogo hufanya kazi kubwa.

Tuanze na wakati wa mimba. Uliza kwanza kama familia inapokea zawadi kabla mtoto hajafika. Bebi shawa zimezoeleka mijini, lakini zipo nyumba nyingi ambako nguo ya mtoto hainunuliwi mpaka asikike analia. Heshimu hilo bila kulijadili. Hata hivyo nyumba hizo nazo hupokea mahitaji ya begi la kujifungulia, kwa kuwa hayo ni ya mama. Kliniki humpa orodha, na ingawa hutofautiana kituo na kituo, kanga au vitenge safi, beseni, pamba na mipira ya mikono havikosekani. Kama wewe ni dada, wifi au rafiki wa karibu, mwambie akuonyeshe orodha hiyo, chagua mstari mmoja, uumalize wote. Kuleta nusu ya hiki na robo ya kile kunamwachia yeye kazi ya kuzunguka madukani akitafuta kilichobaki, na tumbo limeshakuwa zito.

Mimi mstari ninaoupigia debe kuliko yote ni wa kanga. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kikikaribia mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Mtoto atapokelewa humo, atafutwa, atatandikiwa, atafunikwa na baadaye atabebwa; mama atajifunga na kujistiri anaponyonyesha. Vipande sita kwa siku vinaweza visitoshe, hasa masika ambapo nguo hushinda kambani na jioni bado mbichi. Kwa hiyo doti mbili au tatu si nyingi hata kidogo.

Lakini kanga ya kumpa mzazi ina masharti yake. Iwe pamba tupu. Madukani, Kariakoo na kwingineko, zipo zilizochanganywa na poliesta, zinang'aa na bei yake huvutia, ila hazinyonyi maji na mtoto hutokwa jasho ndani yake. Dondoshea tone la maji: kwenye pamba iliyofuliwa huzama papo hapo, kwenye poliesta husimama juu au huteleza. Ukiwa na mashaka, chomoa uzi pembeni uuchome. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kanga mpya huwa ngumu kwa ile dawa ya kiwandani, kwa hiyo kipimo cha maji hakisemi kweli mpaka ifuliwe. Dukani tegemea uzi.

Kisha usiipeleke kama ilivyotoka dukani. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa, na mzazi wa siku nne hana muda wa kutafuta fundi. Ikate, ipeleke kwa fundi cherehani aipinde, iloweke usiku mzima kwenye maji baridi, ifue peke yake kwa sabuni mara mbili au tatu mpaka maji yaache kutoka na rangi, ianike, ipige pasi. Kanga iliyoandaliwa hivyo hutumika siku ileile inapofika. Wengine huona haya kupeleka kitu kilichofuliwa wakidhani kitaonekana kimetumika. Ikunje vizuri, mwambie mapema kwamba umemwandalia. Hakuna mzazi aliyechoka atakayelichukia hilo.

Na soma jina la kanga kabla ya kulipa. Kanga nyingi hubeba mafumbo, na watu wa nyumbani watalisoma jina kama ujumbe wako kwao. "Hasidi hana sababu" ikiingia nyumba ya wifi yako siku ya kumwona mtoto inaweza kuzua maneno ya mwaka mzima. "Nani kama mama" haina ubaya kokote.

Kuna jambo zito ambalo watu hulikwepa, nami nitalisema kwa sababu hutokea. Mtoto anaweza asifike nyumbani. Ukiwa ulishanunua nguo, zibaki kwako. Usizipeleke, usimuulize mama azifanyie nini, na kama zilishafika, usiwe wewe wa kuzikusanya bila yeye au mumewe kuomba. Ila usikae mbali. Mwili wa mama umejifungua vilevile: maziwa yatajaa siku ya pili hadi ya nne, damu itaendelea kutoka, anahitaji supu, pedi, kanga safi na mtu wa kukaa naye. Mzazi aliyefiwa na mtoto huachwa na nyumba kimya na mikono mitupu, na wengi humkimbia kwa kukosa la kusema. Nenda. Kama mtoto alipewa jina, litaje.

Mtoto akifika salama, siku ya kwanza hospitalini zawadi inayotakiwa ni chakula cha mama. Maua, mdoli na nguo havina pa kuwekwa kwenye kitanda cha wodi. Mzazi wa upasuaji hupewa utaratibu wake wa kula na wauguzi, kwa hiyo uliza kabla hujapika. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida kwa kawaida ana njaa ya kweli, na kwa hilo Wachaga walishatupa jibu: mtori.

Kwa mtu mmoja na akiba ya jioni, chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa na ndizi za kupika nane hadi kumi, ndizi mshare ukizipata. Chemsha nyama na chumvi kwa saa moja na nusu au mpaka iachane na mfupa, uitoe. Weka ndizi zilizomenywa kwenye ule mchuzi pamoja na kitunguu kimoja, zichemke hadi zilainike kabisa, kisha zisage kwa mwiko au mchapo ukiongeza mchuzi mpaka uwe uji mzito unaonyweka. Rudisha nyama uliyoichambua, malizia na siagi au samli kijiko kimoja. Kinachoharibu mtori ni ndizi zilizoanza kuiva, maana huwa mtamu na kumkinaisha, na kuumwaga kwenye chombo cha plastiki ukafika umepoa na kuganda. Tumia hotpoti au chupa ya chai yenye mdomo mpana, uipashe kwanza kwa maji ya moto. Peleka kijiko na bakuli lako, na uondoke na vyombo vyako ukavioshe nyumbani kwako. Pwani wengi watapeleka uji wa pilipili manga au supu ya kuku wa kienyeji, navyo ni sawa.

Ziara yenyewe iwe fupi. Mpigie kabla, nawa mikono ukifika, usimbusu mtoto, na ukiwa na mafua tuma zawadi wewe ubaki. Usipige picha ukaitupia mtandaoni mpaka wenyewe wamefanya hivyo. Manukato makali na moshi wa udi chumbani viache, mapafu ya mtoto ni mapya.

Sasa tufike nyumbani, siku ya tatu hadi ya arobaini. Hapa ndipo zawadi nyingi hukosea shabaha, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Pakiti ya pampasi 40 inayoonekana kubwa dukani huisha siku nne au tano. Ndiyo maana pampasi ni zawadi ya maana, ila karibu kila mgeni huleta saizi ndogo kuliko zote, nazo zikizidi hukataa kumtosha mtoto kabla hazijaisha. Soma kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, usisome namba, kwa sababu kampuni hutofautiana. Mara nyingi namba 1 ni kilo 2 hadi 5, namba 2 ni kilo 3 hadi 6, namba 3 ni kilo 4 hadi 9. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hupungua kidogo siku za mwanzo, hurudia uzito wake ndani ya wiki mbili, na kwa kawaida huwa ameuongeza mara mbili akikaribia miezi mitano. Ukinunua namba 3 hutakosea, hata zikikaa mwezi mmoja. Hili la kilo na saizi unaweza kuliuliza bila aibu: "Wifi, nepi zilizobaki ni za kilo ngapi? Nataka nilete zinazofuata." Swali hilo litafurahiwa kuliko mshangao wowote utakaomwandalia.

Kwa nyumba inayotumia nepi za kitambaa, dazeni moja haitoshi. Mbili ndizo zinazowezesha kufua leo na kutumia kesho. Ongeza ndoo yenye mfuniko ya kuloweka, na sabuni isiyo na harufu kali. Nepi zinazofuliwa kwa sabuni nyingi bila kusuuzwa vizuri ndizo zinazowachubua watoto, kwa hiyo maji ya kutosha ni sehemu ya zawadi. Mtaa wenye mgao wa maji, kumlipia muuza maji madumu kumi ni zawadi ambayo mama ataikumbuka.

Kuna vitu vya mama mwenyewe ambavyo wageni huona haya kuvileta. Damu ya uzazi huweza kutoka hadi wiki sita, ikiwa nyingi siku za mwanzo na kupungua taratibu, na pedi kubwa zina bei. Rafiki wa kike anayeleta pakiti tatu ndani ya mfuko mweusi ameleta kitu kinachohitajika usiku huohuo. Dera pia ni zawadi nzuri, lakini lile la kawaida linamlazimu mama kulivua lote ndipo anyonyeshe. Mwambie fundi aweke zipu mbili zilizosimama kifuani, kila moja yapata sentimita 20, zimefichwa kwenye mshono, au vifungo kuanzia shingoni hadi chini ya kifua. Kitambaa kiwe pamba nyepesi, kipana, maana tumbo halirudi wiki ya pili kama watu wanavyodhani. Chupa ya chai ya lita mbili au tatu nayo husahaulika: usiku huhifadhi maji ya moto ya kumfuta mtoto na uji wa mama, na humwepusha mtu kuwasha jiko saa nane za usiku.

Halafu kuna nishati. Nyumba yenye mzazi huchemsha maji tangu alfajiri: ya kuoga, ya kukanda, ya uji, ya kufulia. Mtungi wa gesi wa kilo 6 uliokuwa ukikaa mwezi unaweza kuisha katikati ya mwezi. Uliza mtungi wao ni wa kampuni gani, chukua mtupu, rudisha uliojaa. Ukiwa mbali, omba namba ya mita ya LUKU, nunua umeme kwa simu, umtumie zile tarakimu 20 kwa ujumbe. Hakuna karatasi ya kung'aa ya kufungia zawadi ya namna hii, na baadhi ya watu huona hawajatoa kitu. Mimi naiweka juu ya nguo yoyote.

Ukituma pesa, tuma na ya kutolea. Andika na ujumbe unaosema pesa ni ya nini, maana pesa isiyo na jina huingia kwenye kodi au deni la duka na mama hataiona. "Dada, hii ni bajaji ya kwenda na kurudi chanjo ya wiki ya sita" ni ujumbe unaoilinda. Ratiba ya chanjo Tanzania humrudisha mtoto kliniki wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kila safari ina nauli, mvua au jua, na mama aliyebeba mtoto na begi. Ukimlipia safari zote tatu, umempa kitu kinachopita nguo tatu.

Kazi ya mikono ni zawadi pia, ila itolewe kwa siku na saa. "Ukihitaji chochote niambie" haitekelezeki. Hakuna mzazi atakayekupigia aseme njoo unifulie. Sema: "Jumatano na Jumamosi asubuhi nakuja kufua, andaa tu zilizochafuka." Kama huwezi mwenyewe, mlipe mama wa kufua mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, yaani mara kumi na mbili, na mlipe wewe moja kwa moja ili mzazi asibaki akifanya hesabu naye. Hiki ndicho kitu ambacho wafanyakazi wenzake au wanakikundi wanaweza kuchangia kwa pamoja. Mchango wa wengi ukigawanywa kwenye vijizawadi kumi na tano hupotea. Ukiwekwa kwenye kitu kimoja huonekana. Mteueni mtu mmoja wa kukusanya, mpeane tarehe ya mwisho, aweke orodha ya waliotoa bila kutaja kiasi, na anunue baada ya kumuuliza mama, si baada ya kura ya kundi.

Nguo sasa, kwa kuwa utazinunua hata nikikwambia usinunue, na ni haki yako, kuna raha ndani yake. Ruka saizi ya kuzaliwa. Watoto wengi huipita ndani ya wiki chache na tayari anazo. Nguo za mitumba kutoka Ulaya huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 56 ni ya miezi miwili ya kwanza, 62 ni miwili hadi minne, 68 minne hadi sita, 74 sita hadi tisa. Nunua 68 au 74. Kisha piga hesabu ya majira, kwa sababu saizi bila majira ni nusu ya jibu. Mtoto aliyezaliwa Machi Dar es Salaam ataivaa 68 Julai na Agosti, miezi yenye ubaridi kidogo, kwa hiyo mikono mirefu ya pamba itafaa. Aliyezaliwa Septemba ataivaa Januari na Februari, na hapo fulana isiyo na mikono inatosha. Sufu itampa vipele vya joto. Njombe, Makete, Mbeya au Arusha, geuza: Juni na Julai sweta, soksi na kofia vinatumika kila siku. Nairobi Julai ni baridi vilevile.

Chagua nguo zinazofunguka mbele au zenye vifungo vya kubana begani na katikati ya miguu. Inayovaliwa kwa kupitishwa kichwani na shingo yake ni nyembamba itamliza mtoto na kumchosha mama. Epuka kamba za shingoni, riboni ndefu na vifungo vinavyoning'inia. Mtumba uufanyie ukaguzi: vuta kila kifungo, nyoosha lastiki, pitisha kidole ndani ya soksi uone kama hakuna nyuzi zinazoweza kuzingira kidole cha mtoto zikakizuia damu. Fua kwa maji ya moto, kausha juani, piga pasi pande zote mbili. Pasi ina sababu: yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi, joto la pasi huyaua mayai. Mpya nayo ifuliwe kabla ya kuvaliwa, ila hiyo mwachie mama: wewe ukipeleka mpya acha lebo na risiti ndani ya mfuko ili aweze kubadilisha.

Na hapa naomba usikilize kwa makini zaidi kuliko mahali pengine pote: usimpe mtoto mchanga nguo iliyohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende, naftalini. Watu hufanya hivi kwa nia njema kabisa, wakitoa sandukuni shali au blanketi walilolitunza kwa mtoto wa kwanza. Katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwamo, wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajui kama wanao. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta mvuke wa naftalini au akaguswa nao kwa ngozi, chembe nyekundu za damu yake hupasuka, umanjano wa ngozi na macho hupanda haraka, na ukipita kiasi huumiza ubongo moja kwa moja. Kuianika nguo asubuhi moja hakutoshi. Kama inanuka naftalini, usiipeleke. Mwambie na bibi, kwa upole, asiviweke vidonge hivyo kwenye kabati la chumba cha mtoto.

Wanja nao. Pwani na Uarabuni kumpaka mtoto wanja ni mapenzi na kinga, na kichupa cha wanja kutoka Muscat huletwa kama zawadi ya heshima. Lakini wanja wa mawe mara nyingi hukutwa na madini ya risasi, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kidogo kidogo, kwa njia ya macho na ya vidole vinavyoingia mdomoni. Kwa heshima yote kwa mila, usiwe wewe wa kuuleta.

Mengine nitayapita haraka. Maziwa ya kopo, chupa na nyonyo bandia usilete bila mama kuomba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na kopo lililopo mezani saa tisa usiku humshawishi mama aliyechoka kuacha njia aliyoichagua. Kama mtoto anatumia maziwa ya kopo kwa sababu za kiafya, uliza aina kamili na usibadilishe. Maji ya tumbo na dawa za mitishamba, hapana. Asali isimguse mtoto kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu. Poda ikipuliziwa huingia mapafuni; Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuuza poda yao ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023. Seti za kitanda zenye mito na pembezo laini za kuzungushia kingo za kitanda hupendeza dukani, ila mtoto anapaswa kulala chali, mahali tambarare pagumu kiasi, bila mto. Marekani walipiga marufuku zile pembezo mwaka 2022. Kigari cha kujifunzia kutembea Kanada ilikikataza tangu 2004, kwa ajili ya watoto walioporomoka nacho kwenye ngazi. Mwanasesere au njuga subiri miezi mitatu au minne, na chochote kinachopenya kwenye kiini cha karatasi ya chooni ni kidogo mno, mtoto anaweza kupaliwa nacho.

Neti ya mwavuli ya kulalia mchana ni zawadi nzuri isiyo na gharama kubwa. Hakikisha pindo lake linakaa chini bila mwanya, na kumbuka nyingi hazina dawa, kwa hiyo usiku mtoto alale na mama chini ya neti yenye dawa.

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, orodha yote hubadilika. Atakuwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, katika ule utunzaji wa kangaruu, kwa saa nyingi za siku, huenda kwa wiki kadhaa. Anachohitaji ni kofia ndogo laini ya pamba, soksi, nepi za chini ya kilo 3, na mama anahitaji kanga laini za kumfungia, nguo inayofunguka mbele, chakula kinachofika kila siku wodini, na mtu wa kumpokea mtoto kifuani ili yeye aoge. Baba, bibi au mama mdogo anaweza kumpokea. Nguo za miezi sita msimpelekee sasa. Kwake zinaweza kuwa mzigo wa hofu.

Kwa Waislamu, siku ya saba huwa na akika: mtoto hunyolewa, hupewa jina, na huchinjwa mbuzi. Kama ni mtu wa karibu, mchango wa mbuzi, mchele au kuni kwa siku hiyo unamwondolea baba mzigo halisi. Muulize shemeji, si mzazi. Kwa Wakristo, ubatizo mara nyingi huja baadaye, na mama ataushukuru mchango wa gauni au wa chakula cha wageni. Bangili na hereni za dhahabu ni za bibi na shangazi kutoa, na zikae zimehifadhiwa. Mkononi mwa mtoto hukaza upesi, au hukatika zikaingia mdomoni.

Mkitaka kutoa kitu cha muda mrefu, muulizeni mzazi kama amemfungulia mtoto akaunti au kumnunulia vipande vya Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania, mchangie humo. Ndugu walio Uingereza, Marekani au Ghuba, badala ya sanduku la nguo za namba ndogo zitakazofika mtoto amezipita, leteni kipimajoto cha dijitali, kikata kucha cha mtoto, pampu ya mkono ya kukamulia maziwa kama mama anarudi kazini, na nguo za 80 kwenda juu.

Na wawili wasisahaulike mlangoni. Bibi aliyesafiri kuja kumkanda mzazi halali vizuri kuliko mama mwenyewe, na ni nadra mtu kumletea kitu. Doti moja yake, au sukari na majani ya chai aliyozoea kwao, humtosha. Mtoto mkubwa wa nyumba naye amekaa pembeni akiona kila mgeni akipita na mfuko kwenda chumbani. Mnunulie kalamu za rangi na daftari, au mpira, umpe yeye kwanza kabla hujauliza mdogo wake yuko wapi.